Mimba za Zuwena

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, inakwenda vizuri, na mimi sina pa kuwahi. Katika risala yenu mlisema nimezalisha watoto wengi wa mji huu. Ni kweli. Nikipita sokoni vijana wananiamkia, na mama zao wananiambia, "Huyu wako, Sista Paska." Lakini risala haikuwataja wale ambao hawakufika, na ninyi mnaobaki leba na kliniki ya wajawazito mtakutana na mama zao karibu kila wiki. Kwa hiyo mliponiomba niandike kumbukumbu za kazi, nimeona niandike habari zao. Vyeo na mishahara aandike mhasibu.

Nilifika Bagamoyo nikitokea Morogoro, binti wa Kiluguru niliyelelewa na masista, cheti cha ukunga kingali kipya. Aliyenipokea wodini ni Bi. Mwantumu, mkunga mkuu, Mkwere mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuikaidi. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa la ukunga. Nilimkaribia mama mmoja mtu mzima kumpima presha, nikamwambia, "Leta mkono." Bi. Mwantumu akanishika bega. "Huku hatuanzi na mkono. Mwamkie. Muulize amelalaje. Halafu mkono atakupa mwenyewe."

La pili lilikuwa fetoskopu, ile pembe ndogo ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alinifundisha kuipasha moto kwa kiganja kwanza, nisimshtue mama kwa ubaridi, na kuikandamiza kwa sikio peke yake bila kuishika. "Ukiishika utasikia damu yako mwenyewe, halafu utamdanganya mwenzio kwamba mtoto yupo." Siku hizi mna mashine ya kutangaza mapigo chumba kizima. Ni nzuri, mpaka betri iishe. Msiitupe ile pembe.

La tatu lilikuja na mwanamke kutoka Makurunge. Aliletwa kwenye tela la trekta la shambani, amekaa juu ya magunia, mapajani ameshika bakuli lililofunikwa khanga. Mimba ilikuwa imetoka asubuhi akipalilia. Hakuwa akilia. Alinikabidhi lile bakuli kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, nami nikasimama nalo katikati ya wodi. Bi. Mwantumu alilichukua kwa mikono miwili, akaliweka mahali pa heshima yake, akarudi kwa yule mama akamuuliza jina lake, na jina la aliye nyumbani na watoto wengine. Alipokwisha kusafishwa kizazi hakulazwa pamoja na waliojifungua. Kulikuwa na kitanda mwisho kabisa, karibu na dirisha la uani, na Bi. Mwantumu alikilinda kama msikiti. Hata wodi ikijaa mpaka watu wanalala wawili wawili, kile kilikuwa cha aliyepoteza, asiamshwe na kichanga cha mwenzake.

"Na usimwambie atapata mwingine," aliniambia tukinawa mikono. "Hakuja kwa ajili ya mwingine."

Kwa miaka mingi hayo ndiyo tuliyokuwa nayo: kitanda, maji ya moto, na kunyamaza kwa adabu. Tulipima malaria, kaswende, presha, sukari. Tukipata kitu, tulitibu. Tusipopata, mgonjwa alirudi nyumbani akaambiwa ni chango la uzazi, akachemshiwa mizizi. Wengine walinyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, wengine walifungwa hirizi kiunoni. Sikuwalaumu. Sisi tulikuwa tumewapa neno "imetokea," na neno hilo halishiki kiuno.

Bi. Mwantumu alistaafu akaenda kuishi Mbegani kwa binti yake, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeanza kuota mvi Zuwena alipoletwa mara ya kwanza.

Zuwena alikuwa binti wa Kerege, mrefu, mcheshi, fundi wa kushona. Aliolewa mjini na Nassor, ambaye ukoo wake ni wa Waarabu wa hapa hapa, wenye duka la vifaa vya ujenzi. Nassor hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alimpenda mkewe waziwazi, jambo lililowafanya watu waseme. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bi. Thuwaiba, mjane, mwanamke safi, mswalihina, ambaye alikuwa amezaa wana sita na hakuwahi kuelewa mtu anashindwaje.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Nilimwambia Zuwena ukweli tunaowaambia wote, kwamba hutokea kwa wanawake wengi na mara nyingi hairudii. Alicheka kidogo, akaniuliza kama anaweza kurudi kwenye cherehani yake kesho. Ya pili ilitoka karibu vile vile. Hakucheka. Ya tatu ilipotoka, alilala kwenye kile kitanda cha dirishani ametazama ukuta, na nilipomletea uji akaniambia bila kugeuka:

"Sista, mimi nina nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi mtafute anayejua."

Anayejua alikuwa Daktari Neema, aliyekuwa amehamia kwetu siku si nyingi. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya akina mama, msichana bado kwa macho yangu, mwenye tabia ya kukaa kitandani kwa mgonjwa badala ya kusimama. Alimuuliza Zuwena maswali ambayo mengine yalinishangaza. Anachoka? Anachoka sana, akiamka ni kama hajalala. Nywele? Zinakatika, anazikuta kwenye kitana. Anasikia baridi? Hapo Zuwena akanitazama, maana kusikia baridi Bagamoyo ni aibu. Akakiri kwamba kuna siku anajifunika shuka mchana. Halafu daktari akamwomba ameze mate huku akimgusa mbele ya shingo, pale palipo na tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Ilikuwa imevimba kidogo. Si rovu la kuonekana na mpita njia, ila kidole kililisikia.

Damu yake ilipelekwa Dar es Salaam kwenye boksi la barafu, na tulisubiri majibu mpaka nikadhani yamepotea. Yalipofika, daktari aliwaita wote wawili, Nassor na mkewe. Bi. Thuwaiba naye alikuja, ingawa hakuitwa, akakaa kwenye kiti cha Nassor, na Nassor akasimama.

Nitaandika alivyoeleza Daktari Neema, maana sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi, na mtahitaji kueleza hivyo hivyo. Alisema mwili una kinga, askari wake wa kupambana na maradhi. Kwa watu wengine askari hao hukosea, wakaiona tezi ya shingo kama mgeni na kuanza kuishambulia. Silaha zao huitwa kingamwili, na katika damu ya Zuwena zilikuwa nyingi. Homoni inayotengenezwa na tezi ilikuwa bado ya kutosha, kwa shida. "Wanawake wenye kingamwili hizi hupoteza mimba zaidi kuliko wasio nazo," alisema. "Hilo tunalijua. Njia yenyewe, inatokeaje, hatuijui sawasawa. Na wako wengi wanazo na wanazaa salama bila hata kujua."

"Kuna dawa?" Nassor aliuliza.

"Ya kuziondoa kingamwili, hapana. Kuna kidonge cha homoni, ambacho humsaidia yule ambaye tezi yake imeshachoka. Ya Zuwena haijafika hapo. Kumpa sasa hivi, kwa tunavyojua, hakutamlindia mimba. Nitampima mara kwa mara. Homoni ikishuka, nitampa siku hiyo hiyo."

Bi. Thuwaiba alikuwa amesikiliza kwa makini, mikono juu ya mkoba wake. Akasema taratibu, bila ukali, kama anayehakikisha kwamba amesikia vizuri:

"Kwa hiyo ni mwili wake mwenyewe."

"Mama, siyo hivyo," Daktari Neema alisema.

"Umesema askari ni wake. Mimi sikusoma, lakini nimesikia. Hakuna mtu aliyemroga, hakuna jini. Ni yeye."

Nassor akasema, "Mama, twende." Zuwena akawafuata. Ninyi mnaosoma hii, jueni kwamba jibu la maabara likitoka kwenye chumba chenu linaingia nyumbani kwa watu, na huko halina daktari wa kulifafanua. Mpaka siku hiyo Zuwena alikuwa mwanamke aliyepatwa na jambo. Tangu siku hiyo, mle ndani, alikuwa ndiye jambo lenyewe. Alinisimulia baadaye kwamba mama mkwe alianza kumtengea sahani na kikombe chake. Hakumtukana hata mara moja. Alimhurumia, na huruma ile ilikuwa nzito kuliko tusi.

Zuwena alikaa muda mrefu bila kushika mimba. Nilidhani wameamua kuacha. Siku moja akaja kliniki peke yake, amejifunga ushungi mpaka puani, akaniomba nimpime mkojo. Ilikuwa ya nne.

Daktari Neema alimpima damu, na safari hii homoni ilikuwa imeanza kushuka, kwa kuwa mimba huidai tezi zaidi. Akamwanzishia kile kidonge. Hapa niwape jambo la kazi, maana nimeona mkilikosea. Kidonge cha tezi kinamezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Chai isubiri, hasa ya maziwa. Na vidonge vya kuongeza damu visimezwe pamoja nacho, viachwe mpaka saa za mchana, vinginevyo kidonge cha tezi hakifanyi kazi na mtamlaumu mgonjwa. Zuwena alifanya yote hayo. Aliweka kidonge na glasi ya maji kwenye cherehani yake, akawa anameza kabla hata ya kumjibu mtu salamu.

Mimba ilipita pale zilipokuwa zikitoka zile nyingine. Kila alipokuja nilimsikia akivuta pumzi kabla sijaweka fetoskopu, na kuishusha niliponyanyua kichwa. Mwezi wa tano ulipopita aliniruhusu nimfundishe kuhesabu mateke. Nassor alianza kumsindikiza, akawa anasubiri nje kwenye benchi na akina mama, mwanamume peke yake, akiangalia viatu vyake. Hata Bi. Thuwaiba alituma halua. Sahani ya peke yake ilirudishwa kabatini.

Kuelekea mwisho wa mwezi wa sita alikuja siku ambayo haikuwa ya kliniki. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani.

"Amelala tangu jana," alisema. "Nimekunywa maji baridi, nimelala ubavu, kama ulivyonifundisha."

Nilipasha moto ile pembe. Nilisikiliza chini ya kitovu, kushoto, kulia, juu. Nilisikia mishipa yake mwenyewe, polepole, na utumbo. Nikamwita Daktari Neema na mashine ya utrasaundi, na alipokuwa akiizungusha Zuwena hakuangalia kioo, aliniangalia mimi. Daktari alizima mashine, akakaa kitandani kama kawaida yake, akamshika mkono.

"Zuwena, moyo wa mtoto umesimama."

"Nilimeza vidonge vyote," Zuwena alisema.

"Najua."

"Sikuruka hata siku."

"Najua. Hakuna ulichokosea."

"Sasa ni nini?"

"Sijui kama ni tezi au ni jambo lingine. Ningekuwa najua ningekwambia."

Tukamwekea dawa ya kuanzisha uchungu. Wauguzi wengi huogopa kuzalisha mtoto aliyekufa, na nawaelewa, lakini uchungu ni ule ule na mama anahitaji mkono ule ule. Tofauti ni kwamba mwishoni hakuna sauti. Mtoto alikuwa wa kike, ametimia kila kitu, kucha pia. Nilimfunga kitambaa safi nikamuuliza Zuwena kama anataka kumwona. Alitaka. Alimkagua vidole, akamgusa paji la uso, akanirudishia.

Bi. Thuwaiba alifika na Nassor, amevaa buibui la nje, mkoba mkononi. Nilijiandaa kwa maneno, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba akisema neno moja nitamtoa wodini, mkubwa au si mkubwa. Alimwamkia kila mtu mmoja mmoja. Akauliza mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Nikamwambia.

"Ameshapuliziwa roho," alisema. "Ana haki zake. Nipeni maji ya vuguvugu na chumba."

Mimi ni Mkatoliki na nilikuwa sijawahi kuona. Tulimpa kile chumba kidogo cha kufanyia usafi. Alivua bangili zake akaniomba nizishike. Alimwosha yule mtoto kwa kiganja, maji kidogo kidogo, kichwa, upande wa kulia, upande wa kushoto, akimtegemeza shingo kama watoto walio hai wanavyotegemezwa, midomo yake ikisoma. Alikuwa amekuja na kipande cha bafta nyeupe kwenye mkoba, kimekatwa tayari. Alipomaliza kumvisha alibaki amemshika.

"Wale watatu hatukuwaosha," alisema. Sikujua kama alisema nami.

Halafu akampeleka kwa Zuwena, akakaa pembeni ya kile kitanda cha dirishani na kumuuliza, "Mwanangu, unamwita nani?" Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Zuwena alisema, "Nasra." Bi. Thuwaiba akamtamkia mtoto jina lake sikioni, akampa Nassor, na Nassor akatoka naye kwenda makaburini na wanaume waliokuwa wakingoja getini.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalitengenea baada ya hapo. Bi. Thuwaiba alimuuguza mkwewe siku zote za arubaini, akampikia, akamkanda kwa maji ya moto kama mzazi. Sahani ilikuwa moja. Lakini Zuwena alikuja kwangu akaomba kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na aliponiambia hataki kujaribu tena, sikumshawishi. Nassor alikubali. Alikubali kwa kweli, aliniapia. Baada ya miaka miwili hivi akaoa mke wa pili, binti kutoka Tanga, na Zuwena akamwomba talaka bila ugomvi. Alirudi Kerege kwenye nyumba ya marehemu baba yao, akaishi na mdogo wake, Rukia, na cherehani. Tezi yake iliendelea kuliwa mpaka ikaacha kabisa kufanya kazi, kwa hiyo kidonge anakimeza mpaka leo. Alikuwa akija kukichukua kwetu, tunazungumza habari za bei ya vitambaa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Rukia aliolewa hapo hapo Kerege, akashika mimba. Zuwena alimleta mwenyewe kliniki, amemshika kiwiko, akaniambia kabla hata Rukia hajakaa, "Mpimeni tezi." Alikuwa na haki ya kuomba, maana maradhi haya hutembea katika familia. Tulimpima. Kingamwili alikuwa nazo, nyingi kuliko dada yake. Homoni ilikuwa sawa, na Daktari Neema hakumpa kidonge, alimpima tu kila baada ya muda. Miezi ile yote Zuwena hakuruka kliniki hata moja ya mdogo wake. Alikaa kwenye benchi lile lile alilokuwa akikaa Nassor, na kwa wasiwasi alikuwa amekonda kuliko mjamzito mwenyewe.

Rukia alijifungua salama asubuhi moja ya masika, mtoto wa kiume mwenye sauti ya mwadhini. Hakuna aliyefanya lolote ambalo hatukumfanyia Zuwena. Nilitoka kwenda kumwambia. Alikuwa amesikia kilio, amesimama ukutani ukumbini, mvua inapiga bati.

"Wa kiume," nikamwambia. "Wote wazima."

"Alhamdulillahi." Akatazama mlango wa leba. "Majibu yake yalikuwa kama yangu."

"Yalikuwa mabaya kuliko yako."

"Na hakumeza kitu."

"Hakumeza."

Aliniangalia. Nimeulizwa mengi na wanawake katika ukumbi ule, na nilijua linalokuja.

"Mbona yeye?"

Ningeweza kumtajia Mungu, na yeye anamcha kuliko mimi. Ningeweza kumwambia habari za askari na silaha, ambazo alizijua kwa moyo. Nikamwambia, "Sijui, Zuwena. Daktari naye hajui."

Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kutoka ndani Rukia aliita, "Dada, uko wapi?" na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu, ya mtu asiyejua ameita nini.  Zuwena aliniuliza pa kunawia mikono, nikamwonyesha bomba. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajikausha, akavua viatu mlangoni na kuingia, na nilimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hebu mlete huku, unamshika vibaya."